Mpira Uliotua Jamvini

Kuna harufu inayotoka ardhini pale chuma kinapochana majani pamoja na mizizi yake. Si harufu ya majani yaliyofyekwa, ambayo kila mtu anaijua, wala si ya udongo uliolimwa. Ni harufu mbichi, yenye uchungu kidogo, kama ya kitu kilichomenywa kabla ya wakati wake. Siku hizi naisikia mara nyingi mno, kwa sababu nimekuwa mchezaji wa gofu, na ni mchezaji mbaya. Mchezaji mzuri huchana kipande cha majani chembamba kama chapati. Mimi huacha mashimo ambayo ungeweza kupandia mgomba.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Daktari alitazama vipimo vyangu vya sukari, akavua miwani, akaniambia nitafute mchezo. Wenye akili huchagua kutembea. Mimi, kwa kuwa nimesoma hadi chuo kikuu na nimezoea kuacha njia nyepesi palipo na ngumu, nilichagua gofu. Pale ofisini Dar es Salaam walidhani ni majivuno. Sikuwaambia kwamba gofu niliiona kabla sijajua kusoma, huko Nyakakika, wilayani Karagwe, mahali ambapo hakujawahi kuwa na kiwanja cha gofu hata cha kusingizia. Wasingeamini. Na ingebidi niwaeleze habari za baba yangu, ambazo nilikuwa nimezisimulia nusu ya maisha yangu bila kuzielewa.

Tata, ndivyo tulivyomwita, alikwenda Uganda akiwa kijana, kama vijana wengi wa upande wetu. Wenzake walikwenda kuchuma kahawa na kukata miwa. Yeye akaangukia kwenye kiwanja cha gofu, akawa kedi. Kazi ya kedi ilikuwa kubeba mfuko wa fimbo za mchezaji, kuutafuta mpira unapopotelea majanini, na kumnong'oneza mwenye mfuko fimbo ipi aitumie. Kupiga hakukuruhusiwa. Alitembea nyuma ya wapigaji miaka mingi, akijua kila kosa lao, na mikono yake imejaa mifuko.

Mambo yalipoharibika kule akarudi kwa kuvukia Murongo, akiwa na blanketi, sufuria, soksi iliyojaa mipira midogo myeupe, na fimbo moja. Alikuwa amepewa na mchezaji mmoja aliyekuwa akihama. Kichwa cha fimbo hiyo kilikuwa cha chuma, kimelala kama ulimi, na nyuma yake kumechongwa namba saba. Mama anasema alipoletewa posa, habari ya kwanza aliyosikia juu ya mchumba wake ni kwamba ana fimbo isiyochunga ng'ombe.

Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, imezungukwa na migomba, na kahawa chini ya migomba. Juu ya kibanja ilianza rweya, nyika ya majani isiyo ya mtu mmoja. Huko ndiko ng'ombe walikolishwa na ndiko tulikokata majani ya kutandaza chini ya migomba ili ardhi isikauke. Ng'ombe walikuwa wameyala majani ya upande wetu mpaka yakawa mafupi kama nywele za mwanafunzi. Hapo, kila alasiri, akishamaliza kazi za kibanja, Tata alipanda na namba saba yake. Akaweka mpira chini, akautazama kwa muda kama mtu anayetaka kuukopesha kitu, halafu akapiga.

Sasa, kwetu kuna mpaka ambao hakuna aliyeuandika. Kibanja ni cha mwanamume: migomba, kahawa, kisu cha kukatia majani ya mgomba. Rweyani hulima wanawake, na hulima njugu mawe. Mwanamume akionekana anachimbua rweya, watu hujiuliza nyumbani kwake kuna nini. Na Tata alikuwa anachimbua. Kila alipopiga vizuri, kipande cha majani kiliruka mbele ya pale mpira ulipokuwa. Yeye akakifuata, akakiokota, akakirudisha kwenye kidonda chake na kukikandamiza kwa kisigino, taratibu, kama alivyofundishwa kuwafanyia wengine.

Felisiani, jirani yetu wa chini, hakuwahi kupita bila neno, wala bila kumwita Tata "waitu", yaani mwenzetu.

"Baba Koku, waitu! Njugu zako zitaota lini?"

"Zikiota nitakuletea debe zima."

"Usinisahau na mbegu. Mke wangu amechoka, nataka nimpumzishe."

Watu walicheka, na Tata akacheka nao. Mimi ndiye niliyeamini. Nilikuwa mdogo, na kila nilichokiona kilikubaliana na maneno ya Felisiani: chuma kinachimba, mtu anafukia, anakanyaga. Mvua iliponyesha nilipanda rweyani peke yangu kukagua. Nilikuta majani yamejishika tena, hakuna chipukizi hata moja. Nikahitimisha kwamba baba yangu ni mkulima hodari wa migomba lakini njugu mawe zimemshinda. Sikumwambia. Nilimhurumia tu, kwa siri, na huruma hiyo ndiyo iliyonifanya nijitolee kumwokotea mipira.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Nilisimama pembeni, chini kidogo, nikautazama mpira unakoangukia, nikaukimbilia. Haikunichukua muda kugundua kwamba mipira ya Tata ni ya aina mbili.

Aina ya kwanza ilitoka kwa mlio mkali, kama kijiti kinachovunjika. Iliruka kimo cha goti, ikagonga ardhi, ikashika mteremko. Iliwapita ng'ombe, ikapita kichuguu, ikaendelea kubingirika mpaka karibu na njia ya kisimani. Ndama waliishtukia. Mimi niliruka na kupiga kelele, "Tata! Umefika kisimani! Umefika kisimani!" na kukimbia mpaka pumzi ikanikatika. Kurudi na mpira kama huo mkononi kulikuwa kama kurudi na kombe.

Aina ya pili haikuwa na kelele. Ulisikia tu mguso mzito, kisha mpira ukapanda, ukapanda mpaka ukawa kama punje, ukasimama kidogo huko juu, halafu ukashuka wima. Ukianguka, hauendi popote. Ulikaa pale pale ulipoangukia, kama kuku aliyeatamia. Nilikuwa na hatua chache tu za kutembea. Nilimrudishia bila furaha, nikamwambia kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Pole, Tata."

"Asante, Koku binti yangu," alijibu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mipira mibovu niliipigia vigelegele, na mizuri nikaipa pole. Namwona hata sasa alivyokuwa akinitazama, na tabasamu ambalo upande mmoja wake ulikuwa unachelewa.

Mtu pekee aliyegombana na mipira ya aina ya pili alikuwa mama. Ua wetu ulikuwa kivulini kwa sababu ya migomba, kwa hiyo msimu wa kahawa alipandisha majamvi mpaka ukingo wa rweya, mahali penye jua la kutosha na ardhi iliyo sawa, akaanika kahawa yake hapo. Alikaa pembeni na ufito wa kufukuzia kuku. Na mara kwa mara, kutoka mbinguni, mpira ulishuka katikati ya jamvi. Pu! Kahawa ikatawanyika.

"Yamawe! Kahawa yangu!" Mama alisimama, mkono hewani. "Rweya yote hii, Baba Koku! Rweya yote hii hukuona pengine?"

"Samahani, Mama Koku."

"Samahani itaokota kahawa?"

Kisha akauchukua mpira, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, fundo gumu. "Huu utaupata ukishakula."

Na kweli. Usiku, Tata akishamaliza ndizi zake na maharage, mama alifungua fundo, akaweka mpira kando ya sahani. Tata aliuchukua na kuufuta kwa kidole gumba. Nilishangaa kuona kwamba siku hizo ndizo alizokuwa na furaha. Nilidhani anamchokoza mama kwa makusudi, na nilihofia ndoa yao. Siku moja nilimshauri, kama mtu mzima kwa mtu mzima, "Tata, kwa nini usipige upande wa ng'ombe? Huko hakuna mtu wa kukugombeza." Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu akaja Katabaro. Huyu alikuwa kedi mwenzake wa zamani, sasa anaishi Kyerwa, anavusha ndizi na maharage mpakani kwa baiskeli. Alifika jasho likimtiririka, akapewa kahawa ya kutafuna, na kabla hajaimeza akaanza kuzungumza. Kule kwenye kiwanja chao cha zamani wanatafuta mtu wa kuwafundisha wanaoanza. Si mbeba mfuko, mwalimu. Watakaotaka watapimwa kwa fimbo za chuma. Kuna kale kaeneo kenye shimo, ambako majani yake hukatwa yakawa kama zulia. Mtu atapiga kutoka mbali kidogo, na mpira lazima uangukie pale na ubaki pale. Ukibingirika ukapita, umeshindwa.

Haya mama alinieleza nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilichoelewa ni kwamba Tata anakwenda Uganda kushindana kupiga mpira, na kwamba akishinda nyumba yetu itaezuliwa nyasi na kuezekwa bati. Sikuuliza mashindano yenyewe ni ya nini. Mashindano ya kurusha jiwe hushinda anayerusha mbali. Ya kuruka hushinda anayeruka mbali. Sikuona kwa nini mpira uwe na sheria zake.

Tata aliongeza mazoezi. Alianza na mapigo madogo, miguu imekaribiana, fimbo haipandi juu ya kiuno. Kisha akachukua kipande cha gamba kavu la mgomba, akakilaza nyuma ya mpira, upana wa kiganja kutoka ulipo, akapiga bila kukigusa. Ukigusa gamba, umepiga ardhi kabla ya mpira. Ukikwepa gamba kwa kuogopa, umeupiga mpira kichwani, unakimbia kama panya. Kati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na aliitafuta njia hiyo alasiri baada ya alasiri.

"Watu wanataka kuunyanyua," aliniambia, ingawa sikuwa nimeuliza. "Usiunyanyue. Piga kwenda chini, wenyewe utapanda."

"Utapandaje ukiupiga chini?"

"Ndiyo maana wanashindwa."

Nilidhani ni kitendawili. Nilikaa siku nyingi nikisubiri anipe jibu.

Msimu wa kahawa ukaisha. Mama akajaza magunia, akakunja majamvi, akarudi kwenye kazi zake chini. Na wakati huohuo habari zikasambaa. Jumapili, baada ya misa, watu wakaanza kupanda rweyani kumwona Baba Koku anavyojiandaa kwenda kuwaonyesha Waganda. Walikuja na watoto, wakakaa kwenye majani, wakapitisha kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Felisiani alikaa mbele.

Sikuwa peke yangu tena. Mpira ukipigwa kichwani, ukateremka mpaka kisimani, rweya nzima ililipuka.

"Huyo! Huyo! Umeingia kwangu! Baba Koku, huo umeingia kwenye kibanja changu, ni wangu!" Felisiani alipaza sauti.

Na ukipanda ule mwingine, ukashuka na kukaa, palikuwa kimya. Halafu mtu akaguna kwa huruma.

"Umekosa nguvu, Baba Koku."

"Ongeza ndizi jioni, waitu!"

"Mama Koku anamnyima!"

Nilikimbia huku na huku, nikiwa mtoto mwenye fahari kuliko wote. Mnajua jinsi kumbukumbu inavyoweza kujipangia mambo, kwa hiyo siapi. Lakini nadhani niliona kwamba Jumapili zilivyokwenda, mipira ya kupanda ilipungua na ya kubingirika ikaongezeka. Mtu anaweza kuvumilia kuchekwa, Tata alishazoea. Sijui kama mtu anaweza kuvumilia kupewa pole kila anapofanya vizuri. Naandika kwa kujipatia riziki, na nikiwa mkweli nitakiri kwamba nimewahi kuandika makala nzima ya kipuuzi kwa sababu tu ile iliyotangulia, ya kipuuzi vilevile, ilisifiwa.

Usiku mmoja wakati wa kula mama alisema, bila kuinua macho, "Siku hizi hunimwagii kahawa."

"Kahawa imekwisha, Mama Koku."

"Ndiyo," mama akasema. "Imekwisha."

Tata aliondoka alfajiri na Katabaro, fimbo imefungwa kwenye majani makavu ya mgomba na kulazwa kwenye baiskeli kama mgonjwa. Siku za kumsubiri nilizitumia kuwatangazia watoto wenzangu rangi ya bati letu. Aliporudi, nilikuwa wa kwanza kumwona. Alikuwa anatembea peke yake. Katabaro alikuwa ameshika njia ya kwao Kyerwa bila kufika kwetu kunywa hata maji, jambo ambalo mtu mwenye akili angelipima. Mimi nilikimbia, nikamshika mkono.

"Shikamoo, Tata! Ilikwenda mbali?"

Alisimama. Alinitazama kwa muda, kama alivyokuwa akiutazama mpira kabla ya kuupiga.

"Ilikwenda mbali," akasema. "Mbali sana."

"Kuliko ya wengine?"

"Kuliko ya wote."

Sikusubiri zaidi. Nilimwachia mkono, nikateremka njia yote hadi kwa Felisiani nikipiga kelele, na kutoka hapo habari ikapita kibanja kwa kibanja bila msaada wangu. Jioni watu walijaa uani. Rubisi ililetwa, mtu akachinja jogoo. Watu wazima walipomuuliza habari ya kazi, alijibu kwamba wamesema wataita. Walielewa kama nilivyoelewa mimi: mtu ambaye mipira yake ilikwenda mbali kuliko ya wote ataachaje kuitwa? Felisiani alisimama na kibuyu, akasema kwamba amemtania jirani yake miaka yote na leo anaomba radhi, njugu zimeota.

Tata alikaa kwenye kigoda katikati ya furaha hiyo. Alipokea kila mkono. "Asante," alisema. "Asante, waitu. Asante." Mama alikuwa mlangoni pa jiko, hakuja kukaa nasi. Usiku, watu walipoondoka, alimwekea chakula ambacho hakikuliwa, na kando ya sahani hapakuwa na mpira.

Hawakuita. Miezi ilipopita, kijiji kiliamua kwamba Waganda wana wivu, na jambo hilo likafungwa. Nyumba yetu ilipata bati baadaye, kwa kahawa. Fimbo ikasimama pembeni mwa jiko, mpaka siku mama alipouliza kama anaweza kuitumia kuangulia maparachichi, kwa kuwa kichwa chake kinashika kikonyo vizuri. "Itumie," Tata alisema. Akaifunga yeye mwenyewe kwenye ufito mrefu, kwa kamba ya mgomba, fundo zuri.

Nilikua, nikaenda shule, nikaenda chuo. Huko, kila mtu alipokuwa na hadithi ya kwao, mimi nilikuwa na hii ya baba yangu wa Karagwe aliyewapiga mabingwa kwa fimbo moja na akanyimwa haki yake. Niliisimulia vizuri sana. Niliiongezea hata maoni juu ya mipaka na ukoloni. Mara moja, nikiwa nyumbani likizo, nilimwambia, "Tata, ungezaliwa pengine ungekuwa bingwa. Mipira yako ilivyokuwa inakwenda mbali!"

Alikuwa anamenya ndizi akimsaidia mama, maana mikono yake ilikuwa haiwezi tena kazi nzito. Alisema, "Namba saba si fimbo ya mbali, Koku."

Niliona unyenyekevu, nikausifia. Nilikuwa na shahada wakati huo.

Alifariki wakati wa masika. Siku ya mazishi Felisiani, mzee sasa, anashikiliwa na mjukuu, alisimama kuzungumza kwa niaba ya majirani. Alisimulia jinsi marehemu alivyopiga mpira kutoka rweyani hadi kisimani, na jinsi alivyowashinda Waganda. Watu walitikisa vichwa. Nami nilitikisa, nikalia kwa fahari. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama mikono yake.

Mwaka uliofuata ndipo daktari alipovua miwani.

Somo langu la kwanza la fimbo za chuma lilikuwa asubuhi. Nilipiga mpira, ukatoa mlio mkali kama kijiti kinachovunjika, ukaruka kimo cha goti, ukakimbia, ukakimbia, mpaka nikapoteza hesabu ya miti uliyoipita. Nilinyanyua mikono juu. Nilitazama nyuma kupokea pongezi. Rafiki yangu aliyenipeleka, daktari wa meno, alikuwa anakagua kucha zake. Mwalimu, kijana mpole, alikuwa ametazama pembeni kama watu wanavyotazama pembeni mtu anapojikwaa.

"Umekwenda mbali!" nilisema.

"Umekimbia, mama," alijibu. "Haukupaa." Kisha akachukua taulo dogo, akalikunja, akalilaza nyuma ya mpira, upana wa kiganja. "Sasa piga bila kugusa taulo. Na usiunyanyue. Piga kwenda chini—"

"Wenyewe utapanda," nikasema.

"Umewahi kufundishwa?"

Nilikuwa nimeliinamia taulo lile na ninaona gamba la mgomba, ninasikia rweya nzima ikishangilia, na sauti yangu iko juu ya zote. Ilikwenda mbali. Mbali sana. Kuliko ya wote. Alikuwa ameniambia ukweli mtupu, neno kwa neno, na mimi nikaufanyia sherehe.

Sisemi kwamba vigelegele vyetu ndivyo vilivyomshinda. Pengine alitetemeka tu siku ile. Pengine majani ya kule yalikuwa yamekauka, au mtu mwingine alikuwa hodari zaidi. Ningeweza kumuuliza. Alikaa miaka mingi mbele yangu akimenya ndizi, na swali lilikuwa moja tu, na mimi nikawa nampa majibu.

Nimefanya mazoezi. Naweza kusema hivyo bila kujisifu kwa sababu matokeo hayaruhusu kujisifu. Mapigo madogo, miguu pamoja, taulo nyuma ya mpira. Baada ya miezi mingi nilifikia kiwango ambacho katika mipira kumi mmoja unapaa, na huo mmoja sijui nimeufanyaje.

Msimu wa kahawa uliopita nilikwenda nyumbani. Nilimwomba mama fimbo yake ya maparachichi. Nilifungua fundo la Tata kwa shida, moyoni nikiomba radhi, nikapanda rweyani na mipira michache. Sehemu kubwa sasa imepandwa mikaratusi, lakini upande wetu umebaki ukanda wa majani, ng'ombe wameyala mafupi kama zamani. Watoto wa ndugu yangu walinifuata. Mama alikuwa ukingoni, siku hizi anaanika kwenye turubai la bluu, ufito mkononi.

Nilisimama pale alipokuwa akisimama Tata. Sikuwahi kusimama hapo; kazi yangu ilikuwa chini. Nikainua macho, na kutoka hapo rweya yote ni mteremko, vichuguu na mashimo ya fuko. Kuna mahali pamoja tu palipo sawa, padogo, ambapo mtu mwenye namba saba angeweza kupalenga, mpira ukaangukia na kubaki. Mama alikuwa ameketi kando yake.

Mpira wa kwanza niliupiga kichwani. Ulikwenda kwa mlio, ukateremka hadi usipoonekana, na watoto wakaruka. "Shangazi! Umefika kisimani!" Wa pili vilevile. Walinishangilia kwa moyo wote, na nikahisi uso wangu ukitabasamu, upande mmoja ukichelewa.

Wa tatu sijui nilifanya nini. Sikuhisi kitu mikononi. Nilisikia tu mguso mzito, kipande cha majani kikaruka mbele, na harufu ile ikanipanda puani. Mpira ulikuwa juu, punje nyeupe, umesimama. Watoto walikuwa kimya. Mmoja wao, mdogo kabisa, alianza kunitazama kwa huruma.

Pu!

"Yamawe! Kahawa yangu!" Mama alisimama, kwa taabu, mkono hewani. "Rweya yote hii! Rweya yote hii hukuona pengine?"

"Samahani, Mama Koku," nikasema.

Mkono wake ulibaki hewani. Kuku mmoja alipanda juu ya turubai akaanza kudonoa, na hakufukuzwa. Kisha mama aliinama, akautafuta mpira katikati ya kahawa, akaupangusa, akaufunga kwenye pindo la kanga, fundo gumu.

"Huu," alisema, akiwa amenipa mgongo, "utaupata ukishakula."